Zana ya Zamani Usiyoijua Kazi Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyerithi sanduku la zana, akazitambua zote isipokuwa moja. Ina mpini, ina makali au meno au taya, imeshikwa miaka mingi na mkono wa fundi, lakini hakuna aliyebaki wa kusema ilikuwa ya nini. Majibu haya yanahusu zaidi zana za mkono za kati ya mwaka 1800 na 1960, kwa kuwa ndizo zinazosumbua wengi: kazi zake zimechukuliwa na mashine au zimekufa kabisa.

Nimepata zana nisiyoijua. Nianze na nini?

Anza kwa kutoisafisha. Najua mkono unawasha kuchukua brashi ya waya, lakini uchafu ule ni ushahidi. Lami iliyokauka kwenye patasi pana isiyo na makali inakupeleka kwa mafundi wa kalafati, waliokuwa wakishindilia nyuzi kati ya mbao za chombo cha baharini kabla ya kuziba kwa lami. Nta nyeusi kwenye kishikio inakupeleka kwa fundi viatu au fundi wa ngozi. Chembe za risasi laini zilizonasa kwenye mikwaruzo zinanong'ona fundi bomba wa zamani, au fundi wa madirisha ya vioo vya rangi. Ukishapitisha brashi, hayo yote yamekwenda.

Kisha ipime: urefu, uzito, upana wa mdomo unapofunguka hadi mwisho, na kipenyo cha gurudumu kama lipo. Andika kwa milimita na kwa inchi. Zana nyingi za Uingereza na Marekani zikipimwa kwa milimita huonekana hazina mpango wowote, kumbe ni inchi tatu kamili.

Si ni rahisi zaidi kutafuta picha inayofanana nayo mtandaoni?

Tafuta, hakuna ubaya. Ila umbo hudanganya, na mtu anayeanza na umbo huishia kulilazimisha jina.

Chukua mfano wa kigurudumu chenye meno kilichofungwa kwenye mpini. Ukiweka picha yake popote, utapata majibu matano ndani ya saa moja, na kila mtu ana uhakika. Yote matano yanaweza kuwa sahihi, kwa vitu vitano tofauti:

Meno yakiwa butu, yamepangwa sawasawa, na kuna namba kama 8 au 10 iliyogongwa ubavuni, hicho ni cha fundi wa ngozi. Namba ni idadi ya mishono kwa inchi. Alikisukuma juu ya ngozi kuweka alama za mahali pa kupitisha msharasi.

Meno yakiwa membamba kama ncha za sindano na kigurudumu ni kidogo, ni cha mchora mabango. Alitoboa mistari ya mchoro kwenye karatasi, akaweka karatasi ukutani, akapigapiga juu yake kifuko cha unga wa mkaa, na mchoro ukahamia ukutani kwa vitone. Fundi cherehani naye ana cha kwake cha kunakili mistari ya kukatia kitambaa, kwa kawaida chenye meno mafupi zaidi.

Ncha zikiwa ndefu, kali, zimeachana sana, na kitu chote kinang'aa bila kutu, huenda umeshika kifaa cha daktari. Kinaitwa gurudumu la Wartenberg, kwa jina la tabibu wa mishipa ya fahamu Robert Wartenberg, na kazi yake ilikuwa kupitishwa polepole kwenye ngozi ya mgonjwa kupima kama anahisi.

Ukingo ukiwa wa mawimbi, hauna ncha, na umetengenezwa kwa shaba, mfupa au mti, ni cha jikoni, cha kukata na kubana kingo za unga uliosukumwa.

Na kama gurudumu halina meno kabisa, lina kipenyo cha sentimita 15 hadi 25 na alama moja tu ukingoni, hicho ni kipimo cha fundi magurudumu ya mikokoteni. Alikizungusha kwenye ukingo wa gurudumu la mti akihesabu mizunguko, kisha akakizungusha kwenye utepe wa chuma hadi afikie hesabu ileile. Pete ya chuma iliungwa ikiwa ndogo kidogo kuliko gurudumu, ikapashwa moto itanuke, ikavishwa, ikamwagiwa maji isinyae na kubana mti. Mambo yalikuwa ni hayo, na kosa dogo la kipimo lilimaanisha pete inayopwaya au spoku zinazovunjika.

Kwa hiyo mtu akikupa jina, muulize amelitoa wapi. Akijibu "nimeona kinachofanana," bado hujapata jibu.

Basi alama za kuchakaa zinasomwaje?

Anza na mwisho wa mpini. Kama kichwa ni cha chuma na kingo zake zimetambaa nje na kujikunja, kiligongwa kwa nyundo ya chuma. Kama ni mti uliopondeka nyuzi bila kupasuka, kiligongwa kwa nyundo ya mti. Kama ni laini na umeng'aa kwa jasho, hakikugongwa kamwe. Kilisukumwa kwa kiganja.

Makali nayo yana lugha. Yaliyonolewa upande mmoja tu hufuata uso ulio bapa na kuacha ukuta ulionyooka, ndiyo maana patasi na randa hunolewa hivyo. Yaliyonolewa pande zote mbili hupasua au hukata katikati. Shoka pana lenye uso mmoja bapa na makali ya upande mmoja halikuwa la kuni: lilitumika kuchonga gogo liwe boriti ya pembe nne. Mpini wa shoka hilo mara nyingi umepinda kwenda pembeni, na watu huudhania umeharibika. Umepindwa makusudi, ili vidole vya fundi visisagike kwenye gogo.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda kuliko yote. Chukua tupa ndogo, ijaribu taratibu mahali pasipoonekana. Kwenye chuma laini itang'ata. Kwenye chuma kilichokazwa kwa moto itateleza bila kuacha kitu. Mtengenezaji hakupoteza moto bure: palipokazwa ndipo palipofanya kazi. Zana yenye ncha ngumu na mwili laini inagonga au inakata kwa ncha. Zana iliyo laini kote pengine inashika, inapima, au inafinyanga kitu laini kuliko yenyewe.

Tazama pia kama imelika upande mmoja zaidi. Hapo unaona mkono uliokuwa ukiitumia, wa kulia au wa kushoto, na mwelekeo wa nguvu, kusukuma au kuvuta.

Koleo langu linafunguka ninapolibana. Limefungwa vibaya?

Hapana, na una bahati, maana umepunguza orodha kwa sehemu kubwa. Koleo za kinyume ni chache. Zenye vijiti viwili vyembamba mwishoni ni za kutoa na kuweka pete za chuma zinazozuia beringi au shafti isitoke. Zenye taya bapa zinazoshika ncha mbili za pete iliyokatika ni za kupanua ringi za pistoni. Zilizotengenezwa kwa mti, mfupa au pembe, ndefu na laini, zilitumika kunyoosha vidole vya glavu za ngozi baada ya kufuliwa. Na zenye taya zilizopinda, laini kabisa, zisizo na meno popote, zinaweza kuwa za hospitali. Hizo zioshe vizuri kabla ya kuzipitisha mezani kwa wageni.

Maandishi yamefifia. Nitayasomaje bila kuyaharibu?

Zima taa ya dari. Ingia chumba cha giza na tochi moja, ilaze karibu sambamba na chuma, izungushe polepole. Herufi zisizoonekana mchana hujitokeza kwa kivuli chake. Ikishindikana, weka karatasi nyembamba juu na upake kwa ubavu wa penseli. Chaki iliyosuguliwa na kufutwa juujuu pia hubaki ndani ya mikwaruzo. Usichimbue herufi kwa msumari.

Kuna tarehe ya hataza (haki ya mvumbuzi, "patent") imegongwa. Ndiyo mwaka ilipotengenezwa?

Hapana. Ni mwaka ambao zana hiyo haiwezi kuwa imetengenezwa kabla yake. Kiwanda kingeweza kuendelea kugonga tarehe ileile kwa miongo miwili.

Hataza za Marekani ndizo rahisi kufuatilia. Mfululizo wa namba unaotumika sasa ulianza mwaka 1836; namba 1,000,000 ilitolewa 1911, namba 2,000,000 mwaka 1935, na namba 3,000,000 mwaka 1961. Ukiwa na namba, iandike kwenye Google Patents na utaona mchoro wenyewe pamoja na maelezo ya mvumbuzi juu ya kazi ya zana, na hapo mjadala umekwisha. Ukiwa na tarehe bila namba, tumia DATAMP, orodha ya hataza za zana na mashine za Marekani. Dokezo dogo: hataza za Marekani zimekuwa zikitolewa Jumanne tangu karne ya 19. Tarehe ikiwa imefifia na hujui kama ni 13 au 18, fungua kalenda ya mwaka huo uone ipi ilikuwa Jumanne.

Herufi DRGM ni za Ujerumani, usajili wa miundo midogo ulioanza 1891. "Rd No" na namba ni usajili wa umbo nchini Uingereza, kuanzia 1884. Mshale mpana wenye mistari mitatu ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, mara nyingi jeshi. Jina la nchi tupu, kwa mfano "England" au "Germany", mara nyingi linatokana na sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, iliyodai bidhaa zinazoingia zionyeshe zilikotoka. "West Germany" haiwezi kuwa kabla ya 1949.

Imeandikwa "CAST STEEL" lakini inaonekana imefuliwa. Ni bandia?

Si bandia. Alama hiyo haimaanishi kwamba zana ilimiminwa kwenye kalibu. Inazungumzia chuma cha pua ("steel", siyo kile kisichoshika kutu) kilichoyeyushwa ndani ya vyungu, njia aliyoianzisha Benjamin Huntsman huko Sheffield katika miaka ya 1740. Chuma hicho kilimiminwa kuwa vipande, kisha kikafuliwa kuwa patasi, msumeno au wembe wa randa. Ilikuwa sifa ya kujivunia, ndiyo maana waliigonga kwa herufi kubwa.

Spana yangu imeandikwa 1/2 lakini mdomo wake ni karibu milimita 23. Mbona?

Ni spana ya Whitworth, mfumo wa nyuzi za skrubu alioutoa Joseph Whitworth mwaka 1841. Namba inataja unene wa bolti, siyo upana wa nati. Tafuta W, BSW au BSF karibu na namba.

Haina alama hata moja. Nimekwama?

Hujakwama. Zana isiyo na jina la kiwanda mara nyingi ilifuliwa na mhunzi, au fundi alijitengenezea mwenyewe kwa kazi moja maalumu. Geuza upande wa bapa uelekee tochi: ukiona mistari myembamba inayokatana, sambamba na yenye nafasi sawa, ilikuwa tupa kabla ya kuwa kisu au kikwangulio. Mafundi hawakutupa tupa iliyoisha, kwa sababu chuma chake ni kizuri.

Herufi mbili tatu zilizogongwa kwa mkono, hazijapangika, mara nyingi ni jina la mwenye zana. Kwenye randa za mti mtengenezaji alipiga jina lake mbele, na wamiliki waliofuatana wakaongeza ya kwao, wakati mwingine manne au matano. Usitumie siku nzima kutafuta kiwanda cha "J.H."

Je, malighafi inaweza kunipa umri?

Kwa kiasi. Bakelaiti ni uvumbuzi wa Leo Baekeland wa mwaka 1907. Chuma kisichoshika kutu kilitoka kwa Harry Brearley, Sheffield, 1913. Kromu inayong'aa ilienea mwishoni mwa miaka ya 1920. Kabla ya hapo walipaka nikeli, ambayo ina umanjano kidogo. Skrubu ya msalaba ni ya miaka ya 1930. Lakini kumbuka mpini hubadilishwa na skrubu hupotea, kwa hiyo sehemu mpya haithibitishi kwamba zana yote ni mpya.

Yangu ni koleo, nyundo na ndoana kwa pamoja. Ni ya nini?

Yaelekea ni koleo la fundi wa uzio. Upande mmoja wa kichwa una uso mdogo wa kugongea, upande wa pili una mdomo mfano wa pembe. Pembe hiyo inaingia chini ya msumari wa U, unapinda mkono, msumari unang'oka. Ubavuni pa kiungo kuna nafasi mbili za kukatia waya. Ni zana iliyozaliwa na seng'enge, ambayo Joseph Glidden aliipatia hataza Marekani mwaka 1874, na bado inatengenezwa hadi leo.

Kwa jumla, zana yenye kazi nyingi ilikuwa ya mtu anayefanya kazi mbali na sanduku lake. Mtu wa karakana alikuwa na zana tano.

Zipi huulizwa mara nyingi kuliko nyingine?

Namba moja ni koleo la kupinda meno ya msumeno. Ukibana vishikio, kijiti kidogo kinasukuma jino moja dhidi ya fuawe ndogo ya mviringo yenye namba. Namba hizo huhusiana na wingi wa meno kwa inchi. Tangu misumeno ya kutumia na kutupa ienee, wachache huipanga tena, na koleo limebaki bila mwenyewe.

Ya pili ni mkasi mzito wa chuma wenye ncha mbili kali zilizopinda zinazokutana. Wengi hudhani ni wa kwato au, mbaya zaidi, wa meno ya watu. Ni wa sukari. Sukari iliuzwa ikiwa bonge gumu mfano wa pia, na mkasi huo ulivunja vipande vya kutosha kikombe. Vipande vya mraba vilikuja baadaye, kwa hataza ya Jakub Rad ya 1843.

Kisu cha kukunja chenye majani mawili au matatu, kila jani likiwa na kipembe kidogo chenye makali kinachochomoza ubavuni, si cha ngozi. Kilitumika kutoboa mshipa wa farasi ili damu itoke, kikigongwa kwa kirungu. Upanga mrefu mwembamba wenye ndoana mbili mwishoni ni wa fundi paa za vigae vya mawe, wa kupenyeza chini ya kigae na kukata misumari. Kichongeo kidogo kilichopinda, kinachovutwa, ni cha kuandikia namba kwenye magogo na mapipa. Na ubao wa nusu duara wenye jino moja la chuma ni wa fundi mapipa, wa kuchimba mfereji ndani ya pipa unaoshika kifuniko.

Inawezekana isiwe zana kabisa?

Inawezekana sana. Kama hakuna mahali ambapo mkono unakaa bila kuumia, au kuna tundu la bolti mahali ambapo kishikio kingekuwa, fikiria kwamba ni kipande cha mashine, cha jiko, cha hatamu za farasi au cha kitanda.

Kitu chochote kinachofanana na kombora, kichwa cha risasi kubwa au kiwashio cha bomu usikigonge, usikinyanyue kwa sumaku, usikisugue. Ondoka, ita polisi.

Nikitaka kuwauliza wengine, nipige picha gani?

Picha moja ya kitu chote kikiwa kando ya rula, siyo kando ya sarafu ambayo msomaji haijui. Nyingine ya makali kutoka ubavuni, nyingine ya mwisho wa mpini, nyingine ya kila alama. Kama kuna kinachosogea, piga kikiwa kimefungwa na kikiwa kimefunguliwa. Usishike mkononi ukidhani unatusaidia kuona ukubwa; kidole gumba hukaa juu ya kile kinachotafutwa.

Sasa naruhusiwa kuisafisha?

Baada ya picha, ndiyo. Mafuta mepesi na pamba ya chuma laini vinatosha kwa zana nyingi. Siki huondoa kutu, lakini hula chuma pia, kwa hiyo kagua kila baada ya saa chache, suuza kwa maji yenye magadi, kausha, paka mafuta. Usiizamishe pamoja na mpini wa mti.

Wanaotumia umeme wa betri ndani ya maji ya magadi: zana kwenye hasi, chuma cha kawaida kwenye chanya, na fanyia nje kwa sababu ya gesi ya haidrojeni. Kamwe usiweke chuma kisichoshika kutu kwenye chanya. Maji yataingiwa na kromu yenye sumu. Rangi ya zamani ichukulie kuwa ina madini ya risasi, usiipige msasa ikiwa kavu.

Mpini ni wa pembe za ndovu, au wa mti mweusi mzito. Naweza kuiuza nje ya nchi?

Uliza mamlaka kabla ya kufunga mzigo. Mkataba wa CITES, wa kimataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, umekuwa na nguvu tangu 1975. Unabana pembe za ndovu vikali, na tangu Januari 2017 miti yote ya jamii ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iko kwenye orodha zake. Umri wa zana haukuondolei wajibu wa karatasi.

Nimejaribu yote na bado sijui.

Funga kikaratasi kwenye mpini, uandike ilipatikana wapi, ilikuwa ya nani kama unajua, na ilikuwa pamoja na zana gani nyingine. Hilo la mwisho hasa. Kitu kisichojulikana kilichokutwa kati ya msharasi, nta na kalibu za viatu tayari kimeshajibu nusu ya swali, na anayekitenganisha na majirani zake ili kukiuza peke yake anafuta jibu hilo. Kama sanduku lote liko kwako, lipige picha kabla hujatoa chochote, tabaka kwa tabaka.